Kiswahili cha Karakana

Redio, jirani aliyepewa jina hilo kwa kutangaza habari za watu, anasadiki ilikuwa hivi. Asubuhi ile, jua halijafika hata kwenye bati, yeye alikuwa upande wake wa ukuta anaanika nguo, hana habari na mtu, masikio yake ameyaacha ndani ya nyumba. Mara akasikia mlango wa jirani unafunguliwa kwa kishindo. Akatoka yule mgeni wa ng'ambo, begi mgongoni, uso umevimba kwa kilio. Akageuka, akamwambia mwenye nyumba mbele ya binti yake, "Mimi naenda zangu." Basi. Asante hakuna, kwaheri hakuna. Na mwenye nyumba, anasema Redio, akabaki amesimama na sahani ya mayai mkononi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu kituoni.

Redio si mwongo, na huo ndio ubaya wake. Mwongo utamkanusha ukalale. Redio huchukua kweli ya kikombe kimoja, akaitia maji mpaka ikajaa ndoo, na ukionja unakuta ladha ya kweli bado imo. Kishindo kilikuwepo, kwa sababu mlango ule umevimba kwa mvua na haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Uso wa mgeni ulivimba kweli, ila kwa mbu. Begi lilikuwa begi lake la kila siku la kazini. Lakini yale maneno aliyasema. Kimya, yule binti, alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, karibu na dirisha, akayasikia. Akaona pia uso wa mama yake unavyoshuka polepole, kama pazia lililokatika kamba.

Jina la Kimya alipewa na kaka yake walipokuwa wadogo, likamganda. Alimaliza shule ya msingi, akakalia kiti cha cherehani, na tangu hapo dunia aliisoma kupitia dirisha lile. Mtu anayeshona kutwa hujifunza kugawa macho: moja liko kwenye sindano, la pili liko kwa watu. Alishona sare za shule, mapazia, foronya, na mito ya kukalia. Maneno yake alikuwa anayatumia kama kitambaa cha mteja, hakati kabla hajapima mara mbili.

Mama yake alikuwa dobi. Nguo za mtaa mzima zilipita kwenye pasi yake, naye alijua siri za kola za watu wengi, asizitamke. Kaka mtu alikuwa ameondoka kwenda nchi ya mbali kusoma, huko akapangishwa chumba katika nyumba ya bibi mmoja mzee wasiyemjua. Siku aliyopanda ndege, Mama alipiga pasi shuka ileile mpaka ikataka kuungua.

Basi alipokuja mratibu wa vijana wanaojitolea, akitafuta nyumba yenye chumba cha ziada cha kumlaza mgeni mmoja wa ng'ambo, Mama alikubali kabla yule bwana hajamaliza kukaa.

"Sikiliza, Kimya," alimwambia binti yake. "Mtoto wa mtu nikimtunza hapa, na wangu atatunzwa kule. Mungu hana mizani mbili."

Kimya akahamisha nguo zake kwenye chumba cha Mama, chumba cha kaka kikafagiliwa, na mgeni akaingia.

Alikuwa msichana wa umri wa Kimya, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Kazi aliyokuja kuifanya ilikuwa kwenye karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu na magongo ya wasioweza kutembea. Huko mafundi walikwisha kumbatiza jina: Spana. Alifika hajui Kiswahili, akakiokota hukohuko, katikati ya vyuma. Basi Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kina harufu ya grisi.

Siku za mwanzo nyumba ilicheka. Ukimuuliza chai ikoje, anajibu, "Imekaza." Umelalaje? "Nimelegea vizuri." Siku moja aliamka ameshika kiuno, akasema mgongo wake unataka grisi, na Mama akacheka mpaka akaweka pasi pembeni asiunguze shati la mtu. Redio naye alipomuuliza ukutani hali yake, mgeni akamjibu kwa adabu zote, "Sina kutu, na wewe?" Kabla jioni haijafika mtaa mzima ulijua kwamba jirani fulani ameambiwa ana kutu.

Lakini kicheko kilianza kupungua, na Kimya aliona kinavyopungua, uzi mmoja baada ya mwingine.

Mama alikuwa ameamua kumtunza mgeni kwa nguvu zake zote. Kiti kizuri, chake. Kikombe chenye sahani yake, chake. Mayai ambayo watu wengine wa nyumba waliyaona kwa macho tu, yake. Hata ile ovaroli ya karakana, yenye mafuta mpaka mifukoni, Mama aliiloweka, akaifua, akaipiga pasi na kuitia mkunjo uliosimama kama wa suruali ya hakimu. Mafundi walipomwona Spana akiingia na mkunjo ule waliacha kazi wakampigia saluti.

Na mgeni hakuwa mtu wa kukaa. Akiona ufagio, anaushika. Akiona beseni la vyombo, anakunja mikono ya shati. Hapo Mama anamrukia. "Acha, acha tu, mgeni. Kaa." Akitaka kubeba ndoo, "Acha." Akitaka kukamua shuka, "Acha tu, mama, hiyo si kazi yako." Kila alipoambiwa hivyo, mgeni alikuwa anarudisha mikono haraka kama aliyegusa moto, uso ukambadilika, akaenda kukaa kwenye kiti kizuri na mikono juu ya magoti. Alikaa vile kama abiria anayengoja basi ambalo hakuna aliyemwambia litapita saa ngapi.

Kisha yakaanza hayo ya "naenda zangu."

Mara ya kwanza Mama alidhani amesikia vibaya. Mara ya pili alisikia vizuri. Ikawa kila asubuhi: mgeni anavaa begi, anasukuma mlango kwa bega, anageuka, na kwa sauti ya kawaida kabisa, bila haya, "Mama, mimi naenda zangu." Mama akawa anaagwa kila siku kama mume aliyeshindwa ndoa. Na kadiri alivyoumia ndivyo alivyozidi kuhudumia. Mayai yakaongezeka. Mto wa pili ukapelekwa chumbani. Mgeni naye, kadiri alivyohudumiwa, ndivyo alivyozidi kukaa kimya kwenye kile kiti.

Ndipo Redio alipopita mlangoni, mikono kiunoni.

"Jirani, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mgeni."

"Mgeni hajafa."

"Hajafa, lakini si kaenda zake?"

"Kaenda kazini."

"Aa. Kazini." Redio alitazama kiti kitupu, akatazama mayai yaliyobaki. "Na mratibu anakuja Jumamosi kuuliza kila nyumba kama mgeni abaki au ahamishwe. Mimi simo. Ila kile chumba changu cha nyuma kina dirisha, na upepo unaingia."

"Hujawahi kuwemo, jirani," Mama alimjibu, "lakini hukosi."

Redio alicheka akaondoka. Mama hakucheka. Alirudi kwenye meza ya kupigia pasi, akanyoosha kola ya mtu, akasema bila kuinua macho, "Jumamosi nitamwambia mratibu amchukue. Mtoto wa mtu halazimishwi kupenda nyumba."

Kimya alisimamisha gurudumu la cherehani.

"Kama mimi nimeshindwa na mtoto wa mwenzangu mmoja tu," Mama aliendelea, "na huyo bibi wa kule, sijui naye anamwonaje wangu."

Hapo Kimya akajua kinachopimwa kwenye mizani si mgeni peke yake. Alikumbuka simu ya mwisho ya kaka yake. Kaka alipiga akiwa njiani, anahema, akilalamika kwa kucheka: "Mama, huyu bibi ananituma kama punda. Sijakaa, mara dukani, mara kwa jirani, mara nipande juu nibadilishe taa." Mama alicheka pamoja naye, akaifuta simu kwa kanga, na usiku ule alilala kama mtoto. Kesho yake akasema, "Anatumwa. Basi amefika."

Ijumaa Kimya alikuwa na mito ya kukalia ya kupeleka karakana. Walimwagiza yeye kushona mifuniko ya viti vyao, turubai chini, kitambaa laini juu. Aliifunga, akaibeba kichwani, akaenda.

Alimkuta Spana, na kwanza hakumtambua. Yule wa nyumbani alikuwa anakaa kama picha ukutani. Huyu alikuwa amelala chali chini ya kiti cha magurudumu, miguu nje, anaimba wimbo ambao maneno yake ni yeye tu anayeyajua.

"Spana, lete koleo."

"Spana, shika hapa, usiachie."

"We Spana, nani kaniwekea spoki kwenye chai?"

"Labda wewe mwenyewe una kutu, mzee," akajibu kutoka chini ya kiti, na karakana nzima ikapiga vyuma kwa kicheko.

Kimya aliketi juu ya mito yake, akatazama. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa anasukuma bomba kwenye mashine ya kukatia, anaongea na mwenzake, hatazami anachosukuma. Fundi mkuu akapaza sauti toka upande wa pili: "Acha!"

Kila mtu aliganda. Yule mwenye miwani alitoa mkono, akautazama kama anauhesabu vidole. Na Spana, aliyekuwa mbali kabisa na mashine, alikuwa ameinua mikono yake yote miwili hewani, uso umembadilika. Ulikuwa uso uleule. Uso wa beseni la vyombo.

Kazi ilipofungwa mafundi walisimama kwenye ndoo ya maji, wakajisugua kwa sabuni na mchanga, wakapokezana kitambaa. "Haya, mimi naenda zangu," akasema mmoja, akampiga mwenzake begani. "Na mimi naenda zangu, wazee." "Spana, vipi?" "Mimi pia naenda zangu," akajibu Spana kwa furaha, akavaa begi.

Kimya alikaa palepale na mdomo wazi. Ilikuwa kama unapofumua shati la mtu kutafuta kwa nini linavuta begani, kumbe aliyelikata alikata mikono yote miwili ya upande mmoja.

Walirudi pamoja. Kimya alipima maneno yake mara mbili, akapima tena, njia ikawa inaisha, ikabidi akate.

"Spana. Nyumbani kwetu huna raha."

Mgeni alipiga jiwe teke. "Mama yako hanipendi."

"Nani kasema?"

"Yeye. Nikishika ufagio, acha. Nikishika ndoo, acha. Mimi nimevunja nini? Mimi na Mama..." Alitafuta neno, akakunja vidole viwili akavizungusha hewani. "Nati haiingii kwenye bolti. Nalazimisha, inaharibika."

Kimya alitaka kucheka, akaona macho ya mwenzake, akaacha.

"Acha ya fundi ni ya mtu anayetaka kukatika kidole," alisema. "Ya Mama siyo hiyo. Mama anasema acha tu. Umesikia ile 'tu'? Ile 'tu' ndiyo mto wa kiti. Ukiitoa, unakalia chuma."

"Acha tu," mgeni akarudia, polepole, kama anaikalia kuijaribu. "Maana yake?"

"Maana yake usijichoshe. Maana yake wewe ni mgeni, na mgeni wake hatumwi."

"Mpaka lini?"

Kimya akaliruka hilo. Akahamia kwenye la pili.

"Na wewe una lako. Kila asubuhi unamwambia Mama unaenda zako."

"Ndiyo. Kila fundi anasema."

"Fundi anawaambia mafundi, kazi imekwisha, kila mtu kwao. Lakini mtu akiwa mlangoni kwa mama yake, na begi, akasema naenda zangu, huyo amekasirika. Huyo hana mpango wa kurudi."

Mgeni alisimama katikati ya njia. Baiskeli ikabidi imzunguke. "Kila siku?" aliuliza. "Nimemwambia hivyo kila siku?"

"Kila siku. Na yeye anakuongezea mayai."

Spana alifunika uso kwa mikono yake yenye grisi, na alipoitoa alikuwa na masharubu. "Niseme nini?"

"Sema nakuja."

"Lakini ninaenda."

"Ndiyo. Unaenda, unasema nakuja."

"Huo ni uongo."

Kimya alifikiri. "Ni uongo mpaka urudi," alisema. "Ukirudi unakuwa kweli."

Jioni ile alijaribu kumweleza Mama. Alianza na karakana, akaja kwenye mashine, lakini hakuwa amezoea hadithi ndefu. Kabla hajafika kwenye lile neno Mama alikwisha kuinua mkono wenye pasi.

"Usimtetee. Mtu mzima anajua anachosema. Kesho nitampa mikono yote miwili, nitamwombea heri, na yaishe."

Jumamosi asubuhi mratibu alifika. Alikuwa bwana mpole aliyevaa viatu vya vumbi, akakaribishwa kwenye kile kiti kizuri bila kujua amekalia kiini cha mgogoro. Redio naye akatokea, amekuja kuazima ungo. Alipopewa ungo akasimama nao mlangoni, kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda kupepeta nini.

Mgeni alikuwa tayari amevaa begi, kwa kuwa Jumamosi karakana hufungua nusu siku. Ovaroli ilikuwa na mkunjo wake wa hakimu. Mezani sahani ya mayai ilifunikwa, na safari hii Mama alikuwa ameweka pia kikombe chenye sahani yake na kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe nne. Kimya alikitambua kitambaa kile. Kilitolewa mara ya mwisho siku ya kumuaga kaka.

"Mwanangu, tuanze na wewe," mratibu alimwambia mgeni. "Nyumba unaionaje?"

Spana alimtazama Mama, Mama alikuwa anatazama sahani.

"Nyumba nzuri," alisema. "Mama mzuri sana. Lakini ananiweka kama kioo. Mimi si kioo, mimi spana. Spana ikikaa sandukuni, inashika kutu."

Redio aliposikia kutu alivuta ungo kifuani. Mratibu alikohoa ili asicheke. Mama hakuinua macho, ila vidole vyake vilikuwa vimeanza kukikunjua kile kitambaa, pembe moja, halafu nyingine.

Kimya alisema toka kwenye cherehani, na wote wakageuka, kwa sababu sauti ile haikuwa na kawaida ya kusikika mbele ya wageni: "Mama, Kiswahili chake ni cha karakana. Kule wanaenda zao kila jioni, na kesho wote wako palepale."

Mama akakiachia kitambaa, akamtazama binti yake.

"Nimechelewa," mgeni alisema. Akaenda mlangoni, akauwekea bega, mlango ukafunguka kwa kishindo chake. Kisha akageuka, kama kila siku. Gurudumu la cherehani lilikuwa limesimama. Redio alikuwa amezimika. Mama alishika ukingo wa meza, kama anayejiandaa kubeba kitu.

"Mama," mgeni alisema. Akatafuta, akapata. "Nakuja."

Akatoka. Nyayo zake zikasikika kwenye changarawe ya uani.

 Mratibu alisogea mbele kidogo kwenye kiti.

"Haya, Mama. Yeye nimemsikia. Sasa nakuomba neno lako, abaki au nimhamishe? Maana jirani hapa ameniambia ana chumba."

"Kina upepo," Redio alisema kwa sauti ndogo.

Mama aliinuka. Alienda kwenye rafu ya jikoni, akashusha mkebe wa chumvi, akaufungua, akachungulia ndani. Kimya mwenyewe alikuwa ameujaza mkebe ule jana yake, mpaka kifuniko kikakataa kukaa. Mama akakishindilia kifuniko kwa kiganja, akamsogeza Redio na ungo wake pembeni, akatoa kichwa nje ya mlango.

"We mtoto," aliita, na ilikuwa ile sauti yake ya zamani, sauti ya kumtuma kaka. "Ukija, pitia dukani uniletee chumvi."

Nyayo zikasimama.

"Mama," mratibu alisema nyuma yake, "nilikuwa nakuomba jibu."

Mama hakugeuka. Alikuwa ameegemea mlango uliovimba, mkebe uliojaa umebanwa kwapani, sikio lake lote liko njiani.

"Umenisikia, wewe? Chumvi."